Dole Gumba Kwenye Ngozi ya Kifaru

4 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imepiga leo mchana, na koli, mzigo aliotuma binti yetu Jolie, imefika pamoja nayo. Imekuja kwa ndege kutoka Ubelgiji mpaka Bujumbura, kisha ikavushwa mpakani ndani ya gari la mwalimu mmoja anayefahamiana na Jolie. Ndani ya sanduku kuna kifaru cha vita, cha plastiki, vipande vipande, cha kuunganisha kwa mkono. Ni cha Wajerumani, cha ile vita kubwa ya pili. Kikikamilika kitaenea juu ya sahani.

Nimekitamani kitu hiki tangu ujana. Daktari wa meno aliyenifundisha kazi kule Bukavu alikuwa na kabati zima la vifaru kama hivi, na hatukuruhusiwa kuvigusa. Mimi nimebaki fundi wa meno bandia hapa Kimanga. Mwaka huu kuranti, umeme, inakuja kama mgeni, na wateja wengi wamevuka kwenda Burundi. Jolie aliniambia kwenye simu, "Papa, mikono yako isilale. Na uandike kila hatua, nikirudi utanisomea." Ndiyo sababu ya maandishi haya.

Uwacu, bibi yangu, mama yake Jolie, alichungulia sanduku akacheka. Dada yangu Agathe hakucheka. Agathe ni mkubwa wangu. Anakaa kwetu tangu maji ya ziwa yalipoingia nyumbani mwake Nyamianda.

"Placide," alisema, "mwaka kama huu, weye unaingiza char mu nyumba?"

Kifaransa hicho, char, yaani kifaru, midomo ya hapa inakitamka shari. Agathe alilitamka neno kwa maana zote mbili.

7 Oktoba

Mwili umeunganika. Sasa inakuja kazi yenyewe, ngozi. Wajerumani waliogopa bomu za sumaku: askari anakimbia, anabandika bomu kwenye chuma, anakimbia tena. Kwa hiyo walikuwa wanapaka vifaru vyao kitu kizito kama saruji, wanakichora mistari kabla hakijakauka, ili sumaku ikose kushika. Sanduku halikuja na ngozi hiyo. Ubavu wa plastiki ni laini kama kikombe. Mwenye kujenga lazima aipake mwenyewe, na Jolie anasema wengi inawashinda.

Lakini kuchora kitu kabla hakijakauka, hiyo si ndiyo kazi ya maisha yangu?

8 Oktoba

Mvua. Hakuna kuranti.

11 Oktoba

Nimejaribu juu ya kifuniko cha kopo la maziwa. Plasta ya meno inapasuka. Nta inalegea hata kwa pumzi. Kwenye kenkayeri, duka la vifaa, nimepata mastiki ya mirija miwili, ile mafundi wa magari wanazibia radiyatere. Nimeikanda na poda ya mtoto, ikakubali. Kichanio nimekitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma. Unapaka nyembamba, unalowesha meno ya kichanio, unabonyeza, unainua, unashuka kidogo, unabonyeza tena. Ukivuta umeharibu.

Kwa unyevu huu haikauki mpaka kesho yake. Mpaka hapo inapokea chochote kinachoigusa.

13 Oktoba

Uwacu amerudi kutoka soko la samaki na kikapu kitupu.

"Yule mama wa ndagala amesema bimeisha," aliniambia. "Na bilikuwa pale mbele yangu."

Uwacu ni Munyamulenge, mtoto wa wafugaji wa milima ya juu. Mimi ni Muvira wa hapa ziwani. Tulipooana watu walisema yao mpaka wakachoka. Mwaka huu, kwa habari za vita zinazoshuka kutoka kule juu, wameanza upya. Agathe amesema sokoni ataenda yeye. Sikujua kama ni huruma au ni aibu.

15 Oktoba

Jolie amepiga. Kelele za mvua juu ya mabati zilikuwa nyingi, nikaweka sauti kubwa, nikakaa barazani. Nimemweleza kichanio, mastiki, jinsi bomu za sumaku zilivyokuwa zinanata. Yeye anauliza, mimi najibu kwa nguvu. Tulifurahi sana.

Baadaye niliona jirani yetu Toussaint amesimama upande wa pili wa ua wa matete, mwavuli mkononi, haendi wala harudi. Yeye ndiye shefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa. Alinisalimu: "Papa Jolie, kazi?" Nikasema, "Kazi iko." Akaondoka.

18 Oktoba

Ubavu wa kulia umekwisha. Mistari imelala kama shamba lililolimwa na mtu asiye na haraka. Nimeuangalia mpaka Agathe akaniita kula mara mbili.

21 Oktoba

Kuna mtu ameingia katika chumba changu.

Jana mchana nilimaliza ubavu wa kushoto, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda kumjaribishia mteja meno. Leo asubuhi nimefungua dirisha, mwanga umeingia, na katikati ya mistari yangu kuna dole gumba. Limebonyezwa kabisa, bila wasiwasi. Mikunjo yote inaonekana, na kovu jembamba linaikata kwa mshazari.

Chumba hicho kilikuwa cha Jolie. Ufunguo mmoja unakaa mfukoni mwangu. Wa pili uko kwenye kabati la vyombo, na kila mtu wa nyumba hii anajua. Hata wageni wanajua, maana Agathe anamfungulia mlango mtu yeyote anayetaka kuona meno.

Niliuliza wakati wa chai.

"Minye siingiaka mule," alisema Uwacu, akimimina maji ya moto.

"Weye unaniuliza minye?" alisema Agathe. "Minye niko na kazi gani na ile shari yako?"

Wote wawili hawakuniangalia.

Ningeweza kuilainisha ile alama kwa mastiki kidogo, nikachora upya. Sikufanya hivyo. Nimeiacha. Nimesema moyoni, huyu aliyeingia nitamjua.

22 Oktoba

Naangalia madole ya watu.

25 Oktoba

Mtu wa meno ana nta ya waridi, ile laini. Nimempa Agathe kipande, nikamwambia, "Dada, nishikie hii kidogo, nitafute kisu." Ameshika. Nikaenda nayo dirishani na kioo cha kukuza. Si yeye. Dole lake ni pana, lina mikunjo mikubwa, halina kovu.

Jioni Toussaint alikuja kuomba msumari. Nilimpa nta hiyohiyo: "Shefu, hii ni ngumu au ni laini, kwa mukono wako?" Akaibonyeza, akacheka. Si yeye. Lakini alipokuwa anatoka alisimama mbele ya mlango wa chumba, akanusa harufu ya mastiki, akauliza, "Mule ndani unafunga na ufunguo kila siku?"

"Kwa ajili ya vumbi," nilimjibu.

"Vumbi, mu mvua hii," alisema.

27 Oktoba

Mulongwe umejaa. Watu wa kando ya mto wamelala shuleni. Sijafanya kazi.

28 Oktoba

Amebaki mmoja tu wa kupimwa. Nta iko mfukoni tangu jana, inalainika kwa joto la mwili wangu. Leo mara mbili nimeingiza mkono nikautoa.

30 Oktoba

Nimempa. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nilimwambia, "Mama Jolie, nishikie hii." Aliichukua kwa vidole viwili, akaibonyeza kidogo, kisha akaniangalia. Uwacu si mtu wa kudanganywa na nta.

"Unanipima," alisema.

Nilijifanya natafuta kisu.

"Dada yako ulimupima. Toussaint ulimupima. Niliona. Nikasema, minye hatanipima." Aliiweka nta juu ya sinia, kwenye mchele, akaingia ndani.

Nilikwenda dirishani na kioo. Mikunjo ni ileile. Kovu ni lilelile, la mshazari. Miaka yote ya ndoa, mkono huu umenipa chakula, umenifunga kidonda, na sikujua kwamba dole lake lina kovu.

Kwa nini alikataa kwamba aliingia? Mtu akigusa kitu cha mume wake kwa kutaka kujua, anasema nimegusa, mnacheka, yamekwisha. Anayekataa anaficha kitu kikubwa kuliko dole.

1 Novemba

Nimemuuliza tena. Amesema, "Weye uko na jibu yako mu mfuko. Unataka ya mudomo ya kufanya nini?"

2 Novemba

Toussaint ameniita kando ya ua. Amesema kwa sauti ya chini, kama daktari.

"Papa Jolie, minye sipendi mambo ya nyumba ya bantu. Lakini bibi yako, wakati weye uko kwa wateja, anaongeaka na simu mule mu chumba yako. Kilugha yao. Sauti inapita mu dirisha. Anaongea na bantu ba kule juu. Unajua anaongea nini?"

"Ni kaka yake," nilisema. "Ezechiel."

"Unajua ni Ezechiel?"

Nilisema ndiyo. Ukweli ni kwamba sijui. Kinyamulenge changu kinaishia kwenye salamu na majina ya chakula.

5 Novemba

Mvua asubuhi, mvua jioni. Nimehesabu dalili zangu kama mtu anayehesabu meno yaliyooza. Simu yake inalala chini ya mto. Vitenge vyake viwili vizuri havipo kabatini. Akiniona anakatiza maneno. Jana aliniuliza kama barabara ya Kavimvira, ile ya mpakani, ni kavu, na nilipouliza kwa nini, akasema, "Nauliza tu."

Nimeandika dalili hizo na kuzisoma, na nimeona kwamba zinaweza kuwa za mwanamke mwenye mwanaume mwingine, au za mtu anayepeleka habari kule juu. Nimelijaribu la kwanza, halikai. La pili nimelikataa. Limekataa kutoka.

6 Novemba

Uwacu amenipa chakula, akala jikoni.

9 Novemba

Nimeanza ngozi ya kichwa cha kifaru, kile kinachobeba mzinga. Ni ya mviringo, kichanio kinateleza. Mkono ulikuwa na hasira, nikavuta badala ya kubonyeza. Nimefuta yote. Ubavu wa kushoto nimeugeuzia ukuta, lakini nalijua liko pale lile dole, linaniangalia.

Agathe amerudi kutoka Runingu na mihogo. Anasema njiani kuna vizuizi vitatu sasa, na wanaangalia sura kabla ya karatasi.

16 Novemba

Naandika haya baada ya kurudi. Sitayamaliza kwa mara moja.

Walikuja siku ya jumanne asubuhi, wanne, watu wa usalama, na Toussaint nyuma yao kama mtu anayepita tu. Mkubwa wao alivaa suti ya kijivu, viatu vyake vimejaa tope. Alikuwa na adabu. "Muzee, tumeambiwa kuna vitu vya bomu mu nyumba hii." Agathe alipiga kelele. Uwacu alisimama mlangoni mwa jikoni, na nilipomwangalia nilifikiri: ni yeye amewaleta. Nayaandika kama yalivyokuwa. Hilo ndilo nililofikiri.

Walichukua kifaru, mirija ya mastiki, plasta, nta, vyombo vyangu vyote vya meno. Wakanichukua na mimi.

Ofisini kwao kifaru kiliwekwa juu ya meza, karibu na dirisha. Vyombo vyangu vilikuwa pembeni ndani ya mfuko wa plastiki. Yule wa suti alikaa, akafungua mikono.

"Ulikuwa unamuelezea muntu mu simu mambo ya bomu za sumaku. Kwa sauti. Avenue nzima ilisikia."

"Ni binti yangu. Yuko Ubelgiji. Hii kitu ni ya kupamba nyumba. Ngozi hii ni ya kuzuia bomu isishike."

"Kwa hiyo unajua bomu za sumaku."

"Shefu, anayefunga mlango si anajua mwizi? Ndiyo mwizi ni yeye?"

Hakukasirika. Alikichukua kifaru, akakigeuza polepole kwenye mwanga, kama nilivyokuwa nakigeuza mimi. Akafika ubavu wa kushoto, akasimama hapo.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilikosea wakati wa kushika."

"Lete mukono." Aliushika mkono wangu, akaulaza kando ya kifaru. Dole langu ni karibu mara mbili ya lile. "Hii ni ya mwanamuke," alisema. "Bibi yako ni wa kule juu, sivyo?"

Niliurudisha mkono wangu magotini.

"Sikiliza, muzee. Weye ni mutoto wa hapa. Bote banakujua. Minye sina shida na weye. Kama kuna muntu alikutuma kufanya hii, alikuonyesha, aliingia kuangalia kama inaenda muzuri, na ni bibi yako, unasema tu. Unarudi kwako mchana huu. Yeye tutamuita aweke dole yake hapa. Kama si yake, naye anarudi."

Jambo la kutisha ni hili: kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe. Aliingia. Alikataa. Anaongea kwa kificho. Nilikuwa nimeitunza alama ile wiki tatu, safi, bila vumbi, kama mtu anayetunza silaha. Na sasa ilikuwa juu ya meza ya mtu mwingine. Nilijua kabisa kwamba dole litalingana. Nilijua pia kwamba mwanamke mwenye sura yake, akiingia mlango ule mwezi huu, hatatoka jioni.

Sikuwa na hakika naye. Hata pale sikuwa na hakika naye. Lakini nilikumbuka jinsi alivyoiweka nta juu ya mchele, taratibu, bila kuitupa, na nikaona siwezi kuwa mimi ninayemkabidhi.

"Shefu," nilisema, "ngoja nikuonyeshe namna kazi inafanywa, utaelewa mwenyewe. Nipe kile kisu kidogo."

Alifikiri kidogo, kisha akakitoa mfukoni, akanipa. Nilikipakata kifaru magotini, nikashusha kichwa, nikaanza kueleza: mastiki, maji, kichanio, kubonyeza na kuinua. "Ukikosea," nilisema, "hapa kwa mfano, unasahihisha hivi." Nikakwangua. Mastiki iliyokauka inatoka kama unga. Nilikwangua kovu, nikakwangua mikunjo, mpaka plastiki ya chini ikaonekana.

Niliporudisha kifaru mezani, alikiangalia, akauangalia unga kwenye suruali yangu, akaniangalia mimi.

"Muzee. Unajua umefanya nini?"

"Nimesahihisha kazi yangu."

Alinipiga kofi moja, si kwa nguvu sana, kama mtu anayetimiza wajibu. Kisha walinifungia na watu wengine katika chumba kinachovuja.

Nilikaa mle mpaka ijumaa. Kila siku aliniita, akauliza yaleyale, nikajibu yaleyale. Yule wa suti hakumwita Uwacu. Labda bila dole hakuwa na cha kumwitia. Labda alichoka. Sijui.

17 Novemba

Sasa niandike ya Agathe.

Aliyenitoa ni yeye. Siku zote hizo alikaa nje ya ofisi ile, kwenye mvua, na chakula ambacho walinzi walikikataa. Siku ya mwisho akaenda nyumbani kwa komanda mmoja ambaye meno yake ya juu niliyatengeneza mimi. Akampita mlinzi, akamkuta komanda anakunywa chai. Akamwambia, "Kama ndugu yangu anafia mule, siku hayo meno yatavunjika utakwenda kwa nani?" Komanda akapiga simu. Mchana nikatoka. Vyombo vyangu wamerudisha, isipokuwa kifaru. Kimebaki juu ya kabati la yule wa suti. Anasema ni kielelezo.

Nilipomshukuru Agathe alianza kulia, na nikajua kabla hajasema.

"Ni minye nilimuambia Toussaint," alisema. "Ile siku ya simu. Nilimuambia, mu nyumba yetu banaongea bomu za sumaku. Lakini sikusema weye, Placide. Nilisema yeye. Nilisema, angalia bibi yake, hii mambo inatoka kwa bibi yake. Sikujua batakuchukua weye."

"Ulitaka bamuchukue yeye."

"Nilikuwa naogopa! Weye hauogopi? Bote tunaogopa. Minye nilimuogopa yeye."

Ningetaka kumfukuza. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa kwenye maji, na visigino vimepasuka. Nilimletea beseni ya maji ya moto na chumvi, nikaiweka chini, nikatoka. Kumlaani sikuweza, wala kumkumbatia.

Na mimi je? Yeye alimtaja Uwacu kwa mdomo. Mimi nilimpima kwa nta.

18 Novemba

Leo Uwacu amekaa mbele yangu, barazani. Mvua imepumzika. Amesema mwenyewe, sikumuuliza.

Ni kweli alikuwa anaingia chumbani. Ndipo mahali pekee ambapo Agathe hamsikii. Alikuwa anaongea na Ezechiel, kaka yake, ambaye ameshavuka, yuko Bujumbura. Walikuwa wanapanga yeye avuke. Vitenge vilitangulia, na picha za Jolie za utotoni, kidogo kidogo, kwa mkono wa mama mmoja wa kanisa lao.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia, halafu weye ungemuambia dada yako, halafu yeye angemuambia Toussaint."

"Minye nisingemuambia."

"Sikujua. Placide, sikujua weye uko wa nani."

Nikamuuliza kuhusu lile dole. Alitazama tope la uani.

"Siku ile Ezechiel aliniambia, kuja, usingoje. Nikakata simu. Nikaona ile kitu yako, mistari muzuri, umeitunza hivi. Nikasema, huyu bwana, mji unawaka, na yeye iko nachora mistari. Hasira ikanishika. Nikabonyeza." Alikiangalia kidole chake. "Nilitaka uone kama kuna muntu mu nyumba hii. Ukaona dole. Hukuona muntu."

Nilimwambia nilichofanya kule ofisini na kile kisu. Aliendelea kuangalia kidole chake.

19 Novemba

Jolie amepiga. Nimemwambia kazi imesimama kwa ajili ya unyevu.

21 Novemba

Toussaint amenisalimu juu ya ua: "Papa Jolie, pole na matatizo." Nimesema aksanti. Sasa najua sauti ya mtu anayesikiliza huku anaongea. Nafikiri mwezi uliopita nilikuwa nayo na mimi.

Uwacu anaondoka jumapili, watu wakiwa makanisani. Tumekubaliana nimsindikize mpaka Kavimvira, kisha nirudi kulinda nyumba, maana nyumba isiyo na mwenyewe inapata mwenyewe haraka. Yeye ndiye aliyesema hivyo. Nami nilikubali upesi, na niliona kwamba ameona upesi wangu.

23 Novemba

Asubuhi Agathe alimfungia Uwacu ndagala za kukaanga na mihogo kwenye jani, akampa kwa mikono miwili. Uwacu alizipokea kwa mikono miwili. "Aksanti, wifi." Hawakukumbatiana. Agathe alibaki mlangoni mpaka tukapotea.

Barabara ilikuwa tope tupu. Teksi ilituacha mbali, tukatembea. Kwenye kizuizi cha mwisho askari alimsimamisha Uwacu, akaangalia sura, akaangalia kadi, akaangalia sura tena. Nilisogea nikasimama karibu naye, bega kwa bega. Askari akaniuliza, "Weye ni nani?" Nikasema, "Ni bwana yake. Niko pamoja na yeye." Akatutupia kadi.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi. Tuliagana kama watu wanaoangaliwa. Aliinua mfuko mkubwa kichwani, wa pili mkononi, akaelekea getini. Hakugeuka. Nilingoja ageuke, kisha nikaelewa kwa nini hageuki: alikuwa ameshajua kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Nilikuwa na karte yangu ya kitambulisho mfukoni na viatu vilivyolowa. Sikuwa na nguo wala brosi ya meno. Vyombo vyangu vya meno vilikuwa mezani Kimanga, na Agathe ana funguo za nyumba. Nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja mwenye kuku. Niligongewa muhuri. Nilimkuta Uwacu upande wa Burundi, amesimama kando ya barabara anatafuta gari la Gatumba.

"Weye unaenda wapi?" aliuliza.

"Naenda na weye."

"Na nyumba?"

"Agathe iko. Toussaint akiitaka, apite kwake kwanza."

"Na kazi?"

"Kwani Bujumbura bantu bote bako na meno?"

Alitaka kucheka, nikaona jinsi alivyojizuia. Aliniangalia muda mrefu, kuanzia viatu, kwa macho yaleyale niliyomwangalia nayo mimi mwezi mzima.

"Minye sijakuamini bado," alisema. "Lakini chukua huu mufuko. Unanilemea."